Breki Tatu

Jeki ni moja, matofali manane.
Pijo ya baba imeinuliwa uani, Mikanjuni,
haina tairi hata moja,
kama mgeni aliyevuliwa viatu mlangoni.
Na mimi, nesi wa zamu za usiku pale Bombo,
nimelala chini yake juu ya gunia la mkonge,
tochi kati ya meno.

Ngoma ya kwanza ilikataa.
Niliigonga nyundo kwa adabu, kisha bila adabu,
nikaimiminia mafuta ya taa, nikaenda kazini.
Asubuhi ikateleza yenyewe,
kama mtoto aliyenuna akasahau alichonunia.
Ndani vumbi jeusi, springi iliyokatika,
na viatu, maana mafundi ndivyo wanavyoviita,
vimelika upande wa kisigino,
vilevile baba alivyokuwa akivila vyake.

"Raba usizioshe kwa mafuta ya taa,"
alinionya Fundi Shekalaghe,
"zitavimba kama maandazi."
Nikayaandika hayo nyuma ya kadi ya zamu.
Raba mpya nilizipata Ngamiani, barabara ya tisa, kwa Dhirani.
Alifungua droo tatu, akapuliza vumbi, akasema,
"Binti, hizi zilikuwa zinakusubiri wewe."
Bei hakupunguza.

Gurudumu la nyuma, kushoto.
Hapo nilikaa chini.
Bomba la shaba halikufika kwenye silinda.
Lilikatwa, likakunjwa, likapondwa, likakunjwa tena,
likabanwa kama tunavyobana kitovu cha kichanga.
Alama za koleo lile nazijua, jino moja lilikuwa pengo.
Ziko kwenye mfuniko wa birika, kwenye bomba la bafuni,
kwenye kila kitu alichowahi kukitengeneza.

Kumbe ilivuja njiani, akaiziba, akaendelea.

Lini? Nikahesabu.
Mwaka wa harusi ya shangazi Mwantumu,
tukiteremka kutoka Amani,
gari limejaa masufuria na watoto,
kona juu ya kona kati ya michai,
baba kimya, gia ya pili, jasho shingoni.
Mama akauliza, mbona leo unaendesha kama umebeba mayai?
"Nafurahia upepo," alisema.
Wiki iliyofuata aliifunika turubai,
akanunua baiskeli.
Tulidhani ni ubahili.

Bomba nimelibadilisha. Kile kipande sikukitupa,
kiko kwenye kopo la vifungo.

Jioni, kutoa upepo.
Mbwana, mwanangu, yuko kwenye usukani,
miguu ndiyo kwanza inafika.
Mimi chini, na mpira wa dripu uliopitwa na tarehe,
ncha moja kwenye nipo, ya pili kwenye chupa ya soda.
Kanyaga.
Nimekanyaga.
Shikilia.
Nimeshikilia.
Nafungua robo mzunguko. Mapovu yanakuja,
ya kahawia, ya kivivu.
Usiachie! Nimesema nini?
Nilidhani umemaliza.
Turudie.
Kazini kwangu pia hewa ndani ya mpira haichekewi.
Nagonga kwa kidole, kama ninavyogonga wodini,
povu moja, povu dogo,
kisha hakuna.
"Mama," anasema, "imekuwa ngumu. Inanisukuma mguu."

Injini bado iko vipande, jikoni, juu ya magazeti.
Kwa hiyo tuliisukuma kwa mikono, vijana wawili wa jirani na mimi,
ua unapoinamia kwenye kibanda cha Bi Mwajaa.
Aliondoa jiko lake la makaa, akashika kiuno.
Ikaanza kwenda, nzito, bila sauti,
ikatuponyoka.
Mbwana!

Ikasimama.
Nne zote, pua ikiinama kidogo,
kama mtu aliyeitwa jina lake.
Kuku hakuona haja hata ya kukimbia.

"Sasa hilo ndilo gari gani," akauliza Bi Mwajaa,
"la kusimama tu?"
"Ndilo hilo," nilimwambia,
nikajifuta mikono kwenye kanga.